Usiku Ukigeuzwa Mchana: Taa za Biashara na Haki ya Jirani

Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunawaletea habari ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mambo makubwa yanayozikabili familia zetu. Ni habari ya taa. Hatusemi taa ya ndani tunayoiwasha wenyewe na kuizima tupendapo, bali taa ya jirani mfanyabiashara, inayoingia chumbani bila kubisha hodi na kukaa mpaka asubuhi.

Asili yetu ni pwani. Kazi ndiyo iliyotuleta Sirisia, katika Kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Chwele iko upande mmoja, Malakisi upande wa pili, na mpaka wa Uganda hauko mbali. Tulipofika, jambo la kwanza lililotushangaza lilikuwa kiza. Sisi tuliozoea mitaa ya Mombasa, ambako taa za maduka hazilali, hatukujua kwamba usiku unaweza kuwa mweusi kiasi kile, na nyota zikawa karibu kama za kuchumwa. Bibi yetu, ambaye tulikuja naye, alifurahi kuliko sote. Kila alfajiri alikuwa akitoka uani, akiitazama mbingu upande wa mashariki mpaka aone weupe umetandaa, kisha akitugongea milango mmoja mmoja. Alisema hahitaji saa.

Kisha duka la vifaa vya ujenzi likafunguliwa ng'ambo ya njia, na mwenye duka akafunga taa kubwa ya kumulika juu ya paa lake, ikielekezwa moja kwa moja kwenye madirisha yetu.

Usiku wa tatu tangu taa hiyo kuwashwa, Bibi aliamka akaona ukuta mweupe. Akadhani alfajiri imechomoza. Akatawadha kwa maji ya baridi, akasali sunna, akasali faradhi, akaketi juu ya mswala kulingoja jua. Tulipomkuta ameketi ilikuwa saa nane na nusu ya usiku. Hakusema neno. Aliitazama saa ya ukutani, akalitazama dirisha, akaukunja mswala wake. Swala ile ilimbidi airudie wakati ulipoingia. Lakini tangu usiku huo hakutoka tena uani kuitazama mbingu. Akawa anatuita sisi na kutuuliza, "Kumekucha?" Mtu aliyetuamsha umri wetu wote, sasa anatuomba tumjulishe wakati. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba jambo hili si dogo.

Taa hizi zimetoka wapi

Ni haki kusema kwanza kwamba umeme ni neema. Tangu 2015, mpango wa serikali wa kuunganisha umeme hadi nyumba za mashambani, ule unaojulikana kwa jina la Last Mile, umezifikishia nguzo na nyaya sehemu nyingi za nchi ambazo zilikuwa zikitegemea kibatari. Vituo vingi vya biashara vimepata pia taa za mlingoti mrefu, zile ambazo watu wamezipa jina la mulika mwizi. Jina hilo peke yake linaeleza kwa nini zilipokewa kwa furaha.

Pamoja na hayo, taa zenyewe zimebadilika. Globu ya zamani ya wati 60 ilitoa mwanga wa takriban lumeni 800. Taa ya LED ya kumulika, yenye wati 50, hutoa lumeni 4,000 hadi 5,000. Hiyo ni sawa na globu tano au sita za zamani zilizofungwa pamoja, kwa umeme pungufu ya ule wa globu moja. Zamani mfanyabiashara aliyetaka kuigeuza njia nzima kuwa mchana angelifilisika kwa ankara ya umeme. Leo hafilisiki, na kwa kuwa hafilisiki, hana sababu ya kuizima taa yake hata watu wote wakilala.

Mbalamwezi ya usiku wa kumi na nne, ile inayomwezesha mtu kutembea bila tochi, haifiki hata luksi moja. Ni kama robo yake tu. Kwa mwanga wa kadiri hiyo babu zetu walisafiri na watoto walicheza. Taa moja ya kumulika, ikiwa karibu na dirisha, huushinda mwanga huo maradufu kwa maradufu. Sisi katika chumba cha watoto tuliweza kusoma gazeti saa sita za usiku, na taa zetu zote zimezimwa.

Madhara yaliyo mwilini

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Kitabu chake, katika Suratun Nabaa na Suratul Furqaan, kwamba usiku umefanywa kuwa vazi na usingizi kuwa mapumziko. Wataalamu wa mwili nao, kwa njia yao, wameeleza namna vazi hilo linavyofanya kazi. Mwanzoni mwa karne hii wanasayansi walithibitisha kwamba ndani ya jicho mna seli ambazo kazi yake kubwa si kutambua maumbo, bali kupima mwanga na kuuarifu ubongo kama ni usiku au mchana. Seli hizo huchochewa zaidi na mwanga ulio karibu na rangi ya buluu. Kiza kinapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba wakati wa kupumzika umefika. Mwanga mkali ukiingia, homoni hiyo hupungua, na usingizi huchelewa kuja au huja mwepesi.

Taa nyingi za kumulika zinazouzwa ni nyeupe iliyokaribia buluu. Anayenunua atazame boksi: ikiwa imeandikwa kelvini 6,500, basi ni mwanga mweupe kama wa adhuhuri, ikiwa ni kelvini 2,700 au 3,000, ni mwanga wa manjano, kama wa globu za zamani. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri kwamba taa za LED za nje zisizidi kelvini 3,000, kwa sababu hii hii ya usingizi na macho.

Katika nyumba yetu madhara yalionekana bila kipimo. Mtoto mdogo, aliyekuwa ameshaanza kulala usiku mzima, alirudi kuamka mara tatu na nne. Kaka yake alianza kusinzia darasani. Jogoo wa jirani aliwika saa saba za usiku, naye akawaamsha majogoo wenziwe. Tulining'iniza mapazia mazito, kisha mablanketi juu ya mapazia. Chumba kikawa na kiza, lakini hewa ikakosekana.

Wala madhara hayo hayaishii kwa wanadamu. Wasomaji wetu wa Watamu wanajua kwamba kitoto cha kasa, akitoka katika yai lake mchangani, huifuata sehemu yenye mwanga zaidi, kwa kuwa kwa maumbile sehemu hiyo ni bahari. Akiona taa za majengo huenda nchi kavu na kuangamia. Huku kwetu bara hakuna kasa, lakini kuna kumbikumbi baada ya mvua, na kuna nondo, nao hulizunguka taa mpaka wakaanguka. Mimea pia huuhesabu usiku: soya iliyopandwa karibu na taa ya barabarani hujulikana kwa kuchelewa kukomaa, ilhali wenzake walio kizani wameshavunwa.

Madhara yaliyo katika sitara

Liko dhara jingine, ambalo hospitali haiwezi kulipima, nalo ndilo lililotuuma zaidi sisi wanawake wa nyumba hii. Nyumba zetu huku, kama nyumba nyingi za nchi hii, zina choo na bafu uani. Kabla ya taa ile, mwanamke aliweza kutoka usiku kwenda kutawadha, au kuanua nguo alizozisahau kwenye kamba, akiwa amevaa kanga zake za ndani, na kiza kikamsitiri. Baada ya taa ile, ua wetu uligeuka jukwaa. Wanaume waliokaa barazani mwa duka wakizungumza hadi usiku walikuwa wao wako kizani nyuma ya taa, nasi tuko mwangani. Hatudai kwamba walikuwa wakitutazama. Twasema kwamba hatukuweza kujua, na kutojua huko kulitosha kumfanya msichana wetu wa miaka kumi na mitatu aache kabisa kutoka usiku, hata kwa haja ya lazima.

Mwenye kudhani kwamba haya ni malalamiko ya siku hizi na ajue kwamba wanavyuoni wameyazungumza zamani. Majalla, mkusanyo wa sheria za madhehebu ya Hanafi uliotungwa katika dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, una kifungu, cha 1202, kinachohesabu kuwa ni madhara makubwa kwa mtu kuweza kuziona kutoka kwake sehemu za wanawake katika nyumba ya jirani, kama vile jikoni, kisimani na uani, na kinamtaka aliyesababisha aliondoe dhara hilo. Wakati ule shabaha ilikuwa dirisha. Leo taa inafanya kazi ya dirisha, kwa kuwa inafunua kile ambacho ukuta mfupi na kiza vilikuwa vimekisitiri.

Na msingi wa yote ni ile kanuni tuliyofundishwa tangu chuoni, kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alihimizwa mno na Jibrili juu ya jirani hata akadhani kwamba jirani atapewa fungu katika mirathi. Tena alituagiza tuzime taa zetu tunapokwenda kulala. Agizo hilo lilikuwa kwa kuhofia moto, lakini ndani yake mna adabu ya kuuacha usiku uwe usiku.

Haki ya upande wa pili

Hata hivyo, haki haiwi haki mpaka ipimwe pande zote mbili. Mwenye duka yule hakuifunga taa ile kwa inda. Alikuwa ameibiwa mabati na saruji katika duka lake la kwanza, na mkopo wa bidhaa zile alikuwa bado anaulipa. Isitoshe, mama zetu wanaouza mboga na ndizi kando ya njia waliishukuru taa ile. Jua huku, karibu na ikweta, huzama mapema mwaka mzima, na mama akiweza kuuza hadi saa mbili za usiku hupata chakula cha watoto ambacho asingekipata kama angefunga saa kumi na mbili. Msichana anayerudi kutoka masomo ya jioni hupita kwa amani zaidi penye mwanga.

Uchunguzi nao unaunga mkono pande zote mbili. Mwaka 2016 mji wa New York uliweka taa za nguvu katika baadhi ya mitaa ya nyumba za umma iliyochaguliwa kwa kura, na makosa makubwa ya nje nyakati za usiku yakapungua kwa takriban asilimia 36. Lakini uchunguzi uliotangazwa 2015, uliohusisha halmashauri 62 za Uingereza na Wales, haukupata dalili kwamba kupunguza mwanga wa barabarani kuliongeza uhalifu au ajali. Tunachojifunza ni kwamba mwanga husaidia pale unapohitajika na unapoelekezwa vyema. Kuuongeza tu hakuleti usalama. Taa inayompiga mtu machoni humficha mwizi aliyesimama nyuma yake.

Sheria inasemaje

Wengi wetu hudhani kwamba mtu ana uhuru wa kufanya apendavyo juu ya paa lake. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele, kero nyingine za umma na matangazo ya nje. Kaunti hiyo hiyo ndiyo yenye kusimamia taa za barabarani, masoko na leseni za biashara. Sheria ya Afya ya Umma nayo inakataza mtu kusababisha kero katika ardhi yake. Kwa hivyo mwananchi ana mlango wa kugonga, nao ni ofisi ya kaunti, kwa maafisa wa afya ya umma na wa mazingira, kabla ya kufikiria mahakama.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Katika Uingereza na Wales, tangu 2006, mwanga wa bandia unaoingia katika nyumba ya mtu na kumdhuru ni kero ambayo halmashauri inaweza kuamuru iondolewe. Ufaransa, tangu 2013, imeyataka maduka yazime taa za madirisha yao ifikapo saa saba za usiku.

Lakini sheria hiyo hiyo ya Kenya, katika Kifungu cha 159 cha Katiba, inahimiza usuluhishi na upatanishi. Na hapo ndipo tunapopaswa kusimulia kosa letu.

Tulivyokosea na tulivyorekebisha

Mara ya kwanza tulimtuma kijana wetu usiku, akiwa na hasira zetu zote mdomoni. Alisimama barazani mbele ya wateja, akamwambia mwenye duka kwamba hana adabu. Matokeo yake yalikuwa taa ya pili. Hatukuwa na wa kumlaumu. Aliyeaibishwa mbele ya watu hujitetea kwanza, na kusikiliza huja baadaye.

Mara ya pili tulikwenda mchana. Alikwenda mama wa nyumba yetu pamoja na mzee wa kijiji, ambaye ni Mbukusu mwenye kuheshimiwa na majirani wote, Waislamu na wasio Waislamu. Tulichukua sahani ya mahamri. Tulianza kwa kuomba radhi kwa maneno ya kijana wetu, tukauliza hali ya biashara, na hapo ndipo tuliposikia kwa mara ya kwanza habari ya wizi ule na mkopo ule. Kisha mama akasema, "Baba, hatukuambii uizime. Twakuomba uje kwetu jioni hii baada ya Isha, wewe na mkeo, mkae chumbani mwa watoto kwa dakika kumi tu."

Walikuja. Tulizima taa zetu. Hakuna aliyesema neno. Mkewe ndiye aliyesimama, akaenda mlangoni, akautazama ua, kisha akamtazama mumewe.

Siku ya pili fundi alipanda paani. Taa ya kwanza iliinamishwa chini, ikawa inamulika mlango wa duka na baraza yake. Juu yake fundi akafunga kofia ya bati iliyokatwa kutoka kipande cha mabati. Globu nyeupe ilibadilishwa kwa ya manjano. Taa ya pili iliwekwa nyuma ya duka, upande ambao wezi walipitia zamani, pamoja na kifaa cha kuhisi mwendo, ili iwake mtu anapopita na izime anapoondoka. Mwenye duka alitwambia baadaye kwamba taa ya namna hiyo inamtisha mwizi zaidi, kwa kuwa ikiwaka ghafla kila mtu huinua kichwa.

Fundi alipokuwa angali juu ya paa, alitugeukia akauliza, "Na hii yenu je?" Alikuwa akiionyesha taa ya lango letu. Taa hiyo tuliifunga sisi wenyewe, na hatukuwahi hata siku moja kwenda nyuma ya nyumba kuona inamulika wapi. Ilikuwa inaingia katika chumba cha mama mmoja mpangaji, mjane, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ameziba dirisha lake kwa katoni na hakutulalamikia kamwe. Tulikwenda kwake na mahamri yaliyobaki, na haya nyingi.

Nasaha kwa familia

Kwa hayo tuliyoyapitia, tunawausia wasomaji wetu mambo machache. Kabla ya kumlalamikia jirani, tokeni nje usiku mzizunguke taa zenu wenyewe. Mkienda kwa jirani, nendeni mchana, na mtu mzima anayeheshimika, na mwende na ombi linalotekelezeka: ainamishe taa, aifunge kofia, abadilishe globu, aweke saa ya kuizima au kifaa cha kuhisi mwendo. Mwambieni aje aone kwa macho yake. Akikataa, andikeni tarehe na saa, pigeni picha kutoka ndani ya chumba, mpelekeeni mzee wa kijiji na chifu, kisha maafisa wa kaunti. Na wenye maduka miongoni mwetu, ambao katika jamii yetu ni wengi, wajiulize swali moja kabla ya kupanda ngazi: taa hii inamulika mali yangu, au inamulika chumba cha mtu?

Bibi amerudi uani. Si kila siku, kwa kuwa baridi ya Mlima Elgon haiwahurumii wazee, lakini alfajiri zisizo na mawingu husimama pale na kanga yake mabegani. Juzi alitugongea milango, mmoja mmoja. Tuliitazama saa, alikuwa amepatia.